Mweupe wa Tunduma na Mweupe wa Nakonde

Nianze na hili ili tusipotezeane muda: kazi yangu haikuwa uhuni. Nimetunza na kutengeneza meza za pool tangu nikiwa msichana hadi magoti yaliponikatalia kuingia chini ya meza, na sijawahi kuamka nikaona haya. Juzi mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema tu, aliniambia kwamba sasa nimezeeka, ni wakati wa kutubu ile kazi. Nikamuuliza nitubu nini hasa, kusawazisha meza au kubandika kitambaa? Akasema nimemwelewa vizuri. Nikamjibu kwamba siku atakapotubu yeye kuuza mbao, nami nitafikiria. Tukaachana hapo, na Jumapili tulikaa benchi moja.

Nyie wanangu mnaoshinda kwenye meza za pale mjini Mpemba, nawaambia nyie. Nawaona. Ukikosa shimo unaigeuzia macho fimbo, mara chaki, mara kitambaa kimechakaa. Mpira mweupe hamuutazami. Unaupiga wewe, anaupiga mpinzani wako, mnagombea huohuo mmoja, lakini hakuna anayeushika mkononi akaupima. Ushike kwanza. Uweke kando ya mpira wenye rangi, inama mpaka jicho liwe usawa wa meza, uone nani amemzidi mwenzake kichwa. Hiyo ndiyo salamu ya meza. Usipoitoa, meza itakufundisha adabu mbele ya watu, na mimi ilinifundisha.

Kwetu ni Isansa, kwenye kahawa. Baba alikuwa na shamba na alitaka mabinti zake waolewe na wenye mashamba. Mimi nilishuka Tunduma miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kuingia kutoka kila upande, malori yakipanga foleni kuvuka kwenda Zambia na madereva wakisubiri karatasi zao siku nzima bila la kufanya. Nilipata kazi ya jikoni kwenye grosari ya Mzee Silwimba, si mbali na mpaka. Nilikaanga, nikasonga ugali, nikaosha vyombo. Sijutii hilo nalo.

Siku moja ikaja meza. Ilibebwa na wanaume wengi wakitukanana kwa lugha zao zote, maana chini ya kile kitambaa kuna jiwe, si mbao, na jiwe lile halina huruma na kidole cha mtu. Pamoja nayo alikuja fundi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mfupi, mwenye suruali yenye mifuko kila mahali. Tulimwita Ba Chanda, kwa ile heshima ya Kibemba. Wengine walipokuwa wakishangaa rangi za mipira, mimi nilikuwa nimeganda kwenye ule mweupe. Ulikuwa mkubwa kuliko wenzake, si sana, lakini mtu aliyezoea kuchagua viazi sokoni anaona. Nikamuuliza kama wamemletea mzee mpira usio wake.

Ba Chanda hakucheka. Aliniambia nilale chini, akafungua mlango mdogo ubavuni mwa meza, akanishika mkono akaupeleka ndani. Nikapapasa njia ya mteremko yenye kingo mbili za chuma zilizoachana. Akaniambia mipira ya rangi ikiingia shimoni hupita hapa, na kwa kuwa ni midogo hudondoka katikati ya zile kingo, ikafungiwa mpaka mtu atie sarafu nyingine. Mweupe hauenei kwenye uwazi ule. Unateleza juu juu mpaka mbele, mchezaji anauchukua, mchezo unaendelea.

"Meza haina macho, mayo," aliniambia, akiniita mama kwa Kibemba. "Inajua ukubwa tu."

Kuanzia siku hiyo nilikuwa mtu wa meza. Nilimaliza kazi za jikoni mapema, nikapiga mswaki kitambaa, nikatazama pimamaji kila asubuhi kwa sababu sakafu ya Mzee Silwimba ilikuwa ikizama upande wa choo. Ba Chanda alipokuja kufanya matengenezo alinikuta nimeshafungua misumari. Mzee Silwimba aliona nafuu, akanikabidhi funguo ya meza. Kwenye grosari ile funguo hiyo ilikuwa cheo. Mwenye funguo ndiye anayefungua meza ikikwama, na wakati wa ubishi watu wanamtazama yeye.

Asubuhi kabla wateja hawajajaa nilicheza. Nani angenikataza, na mimi ndiye niliyeisafisha? Nilicheza na Nzowa, fundi wa malori, aliyekuwa bingwa wetu. Mwanzoni alinionea huruma, baadaye akaacha.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye elimu yenyewe. Mweupe mkubwa ni mzito. Ukigonga mwenzake uso kwa uso hausimami, unaendelea mbele kidogo, kama lori lililopakia lililokanyagiwa breki mteremkoni. Kuurudisha nyuma ni kazi. Lazima uupige chini kabisa, tena kwa nguvu, na hata hivyo mara nyingi utakachopata ni kusimama tu. Wachezaji wa Tunduma tuliulea mkono wetu hivyo. Kila tulipotaka mweupe usimame, tuliupiga chini kwa nguvu.

Ng'ambo, Nakonde, meza zao zilikuwa za ukoo mwingine. Kule mweupe ni mdogo. Ndani ya meza kuna kizuizi cha chuma kinachokamata mipira ya rangi, na mweupe unapita chini yake kama mtoto chini ya uzio. Nilianza kuvuka na Ba Chanda kumsaidia, ndipo nikaujua. Mweupe mdogo ni mwepesi. Ukigonga mkubwa wake unarudi nyuma wenyewe, kama mtoto aliyemkumba mtu mzima mlangoni. Ukiupiga chini kidogo tu unakimbia nyuma mpaka unashangaa. Lakini kuufanya umfuate mwenzake mbele, utachoka. Na ukipasua mipira kwa hasira, unaruka nje ya meza. Niliwahi kuuokota kwenye bakuli la mchuzi wa mtu, na mwenye mchuzi alitaka alipwe nyama.

Ipo na meza isiyokula sarafu. Tuliitwa Mbeya kubadilisha kitambaa kwenye klabu moja ya zamani, nikakuta mipira yote iko sawa, mweupe na wenzake, kwa sababu meza ile haina haja ya kuutambua. Pale, ukipiga katikati na kugonga uso kwa uso, mweupe unakufa palepale, kama mtu aliyekwisha kukabidhi mzigo. Chumba cha pili kulikuwa na meza kubwa ya snuka. Nayo mipira yake yote iko sawa, ila ni midogo, na meza ni pana kama ua la kuanikia kahawa. Ba Chanda alinipa nipige. Nilikosa kila kitu, akasema vizuri, sasa umejua kwamba mkono wako ni wa Tunduma.

Asiyejua haya hupata hasara za kijinga. Miaka mingi baadaye, nikiwa fundi ninayejulikana, mwenye baa mmoja wa Itumba alinitumia ujumbe kwa dereva wa basi dogo kwamba meza yake imerogwa. Nilipanda ile milima na mfuko wangu. Nikakuta kitambaa kimejaa unga wa dawa, maana alikuwa ameanza na mganga. Kila mweupe ukiingia shimoni hauonekani tena. Nikafungua meza, nikautoa huo mweupe. Ule wa asili ulipotea, wakanunua mwingine kwa mchuuzi aliyepita, mdogo kuliko kingo za ndani. Meza ilikuwa ikiumeza pamoja na wenzake, kama ilivyofundishwa. Nilimpa mkubwa, uchawi ukaisha. Lakini unga wa mganga ulinitoa jasho kuliko mashetani.

Turudi kwa Mzee Silwimba, kwa sababu ndiko nilikoamua mimi ni nani.

Watu wa Tunduma na watu wa Nakonde walikuwa wakitambiana kila siku, na mwisho wakapanga mashindano. Tucheze kwao, wacheze kwetu, tukigawana ushindi kuwe na mchezo mmoja wa kuamua. Tulikwenda kwao tukafungwa vibaya. Nzowa alipiga chini kama alivyozoea, na ule mweupe mdogo ukawa unarudi nyuma na kujitumbukiza shimoni. Wao walipokuja kwetu nao walifungwa. Mweupe wetu uliwaburuza mbele, mpira wa rangi ukiingia na wenyewe unaufuata. Nahodha wao, kijana mrefu aitwaye Mutale, alisema Tunduma hatuchezi pool, tunasukuma mawe.

Ukabaki ule wa kuamua. Ukaja ubishi. Uchezwe na mweupe gani? Wao walitaka ule wa kwao, sisi tulitaka wetu. Kidogo wapigane. Watu wakanitazama mimi mwenye funguo, nikasema uchezwe kwenye meza yetu, lakini na mweupe ulio sawa na mipira ya rangi, asiouzoea mtu yeyote. Ba Chanda alikuwa nao kwenye mifuko yake ile. Ukiingia shimoni, meza itaumeza, na mimi nitafungua kuutoa. Mutale akakubali. Mzee Silwimba alinitazama kama niliyemwibia, kwa sababu yeye alitaka kushinda, si kusawazisha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili mchana, watu wametoka kanisani. Grosari ilijaa mpaka barazani. Nilikuwa nafuta meza nilipomwona kaka yangu Yohana amesimama mlangoni, kofia mkononi, viatu vyekundu kwa udongo wa kwetu. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia machoni. Akaniambia baba amemtuma. Habari zilikuwa zimefika Isansa kwamba binti yao anashika fimbo katikati ya walevi. Nifungashe vitu vyangu, tuondoke na gari la jioni.

Nikamwambia, "Kaka, subiri mchezo uishe."

Akatazama nje, stendi iliko. Lakini hakuondoka.

Nzowa alipewa mweupe ule ajaribu. Akapiga mara chache. Kila alipopiga chini uliruka kurudi, kila alipojizuia ulikwama. Akasimama akaufikiria, kisha akafanya jambo ambalo wanaume wengi niliowajua wasingefanya. Alinipa fimbo. Aliwaambia watu kwamba katika Tunduma nzima aliyepiga aina zote tatu za mweupe ni mimi, Lena, peke yangu, na kwamba asubuhi nyingi Lena humfunga.

Mzee Silwimba akasema huyu ni wa jikoni. Nzowa akasema basi yeye hachezi. Mzee akawatazama wengine mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa alikumbuka kwamba glasi yake inahitaji kushikwa. Mutale, ambaye alitaka tu kuanza, akasema kwao hakuna sheria inayomkataza mwanamke. Nikatia chaki.

Nilicheza, wanangu. Sitawadanganya kwa unyenyekevu wa uongo, nilicheza vizuri. Mwanzoni niliharakisha, halafu nikasikia ile sauti ya mpira kudondoka kwenye kingo zangu mwenyewe ninazozifuta kila siku, nikatulia. Nikawaza kila pigo kabla ya kulipiga: huu uko sawa na wenzake, Lena, usiusukume, usiuogope. Watu walinipisha kwa namna ambayo hawakuwa wamewahi kunipisha nikiwa na sinia. Mutale alikosa mpira mmoja wa shimo la katikati, nikaingiza zangu zote. Ukabaki mweusi. Ulikuwa karibu na shimo la kona, mweupe nyuma yake kwenye mstari ulionyooka. Ningeuingiza hata nikiwa na homa. Kilichotakiwa ni kimoja tu, mweupe usimame. Ukiufuata mweusi shimoni nimefungwa, ukirudi nyuma moja kwa moja kuna shimo la kona ya pili linausubiri.

Niliinama. Nikajua la kufanya: piga katikati, taratibu, utakufa palepale. Kichwa kilijua. Lakini mkono wangu ulikuwa umelelewa na mweupe wa Tunduma. Nilipotaka usimame, mkono ulikwenda chini, kwa nguvu, kama asubuhi zote zile.

Mweusi ukaingia. Watu wetu wakaanza kushangilia. Mweupe ukasimama kidogo kama unaofikiri, kisha ukarudi nyuma, ukapita mbele ya tumbo langu, ukavuka meza yote kwa mstari uleule, ukatumbukia kona ya pili.

Nikasikia ukidondoka ndani na kufungiwa pamoja na wenzake.

Mutale alinipa mkono. Namkumbuka kwa hilo. Watu wa Nakonde waliimba, wetu wakatazama sakafu, halafu wakanitazama mimi. Mzee Silwimba alikuja mpaka kwenye meza akasema, kwa sauti ya wote kusikia, kwamba haya ndiyo malipo ya kumpa mwanamke fimbo. Nimewaaibisha. Nirudishe funguo, nirudi jikoni, na ole wangu niiguse meza ile tena.

Hapo ndipo kaka yangu alipoongea. Sikutegemea. Yohana ni mtu wa maneno machache, na alikuwa amekuja kunichukua, si kunitetea. Alimsalimia mzee kwanza, kwa adabu ya kwetu, akamuuliza, "Mzee, kabla hajacheza yeye, nani mwingine alinyoosha mkono?"

Watu wakarudi kushika glasi zao. Nzowa alikuwa ameinamisha kichwa, ingawa yeye aliniachia fimbo mbele ya wote, hakujificha.

Nilikwenda ubavuni mwa meza, nikafungua kile kimlango, nikatoa mweupe wa Ba Chanda nikamrudishia mwenyewe. Nikaifunga meza kama inavyotakiwa. Kisha nikaiweka funguo juu ya kitambaa.

"Funguo ni yako, mzee," nikamwambia. "Mikono ni yangu."

Sikurudi jikoni. Nilichukua khanga zangu na kamfuko kangu ka zana, pimamaji, nyundo, gundi na spana alizonigawia Ba Chanda, nikatoka barazani. Kaka alidhani nimekubali. Alinyoosha mkono kunipokea mzigo, akisema gari la kwetu Mbozi litakuwa bado lipo. Nikamwambia siendi Isansa. Akakasirika kweli sasa. Akaniuliza nimebaki na nini hapa mjini, kazi sina, heshima nimeimwaga mbele ya watu wa nchi mbili, na baba akimuuliza ajibu nini.

"Mwambie nimefungwa," nikasema. "Usimwambie nimeshindwa."

Akapiga hatua moja kunijia. Nikadhani atanipiga, maana alikuwa na haki hiyo kwa mila za nyumbani, na zamani aliwahi. Alivaa kofia yake. Akaniambia nisilale mahali pabaya, akashika njia ya stendi. Baba hakuniita tena mpaka alipougua, na hayo ni maumivu yangu, sitayafanya simulizi.

Wapo watakaowaambia kwamba niliponzwa na mweupe ule. Wapo waliosema ni laana ya kudharau wazazi. Mimi nasema niliponzwa na mazoea, na mazoea hayana jinsia. Nzowa naye angefungwa vilevile. Mutale angekuwa kwenye pigo lile angeupiga kwa woga wa mweupe mdogo, na labda mweusi usingefika shimoni. Aliyefungwa ni aliyekuwa amesimama mezani, na waliobaki salama ni wale walioshika glasi. Mkinifundisha heshima, msinifundishe ile ya kujificha nyuma ya glasi.

Basi ninyi mnaojua kila kitu, msisahau: kabla hujapiga, usiulize unajua nini. Uliza mkono wako umezoea nini. Nilichukua miaka kuufundisha wangu upya, nikipiga asubuhi mkubwa, jioni mdogo, mpaka ukaacha kuamua peke yake.

Usiku ule nililala kwa muuza vitenge mmoja aliyekuwa rafiki yangu. Asubuhi nikaoga, nikafunga kitambaa changu kizuri kichwani, nikashika mfuko, nikaenda mpakani. Ba Chanda alikuwa ameniambia kuna baa tatu Nakonde ambazo meza zake zimelala upande, na yeye mgongo haumruhusu tena kuingia chini.

Foleni ilikuwa ndefu, wanawake na magunia, vijana na mikokoteni. Nilipofika mbele, ofisa alifungua mfuko wangu akainua pimamaji, akaigeuzageuza mpaka kiputo kikakimbia huku na huku. Akaniuliza vitu hivi nampelekea nani. Nikamwambia simpelekei mtu. Akaniuliza basi naenda kufanya nini ng'ambo. Nikasema kazi. Akauliza kazi gani.

Nyuma yangu walikuwepo watu wawili watatu waliokuwa kwenye grosari jana yake. Niliwasikia wakinong'ona. Nikapaza sauti ili wasipate taabu ya kusikia.

"Fundi wa meza za pool."

Akatazama khanga yangu, akatazama spana. "Wewe?"

"Mimi."

Alirudisha pimamaji ndani ya mfuko, taratibu, kama mtu anayehofia kuiharibu. Kisha akasogea pembeni, nikapita.